Ngome Kongwe: Gereza Lililofunguliwa kwa Ngoma

Kamusi za zamani za Kiswahili zinalipa neno gereza maana mbili: ngome na jela. Wataalamu wa lugha hulirudisha neno lenyewe kwa Wareno, kwenye igreja yao, yaani kanisa. Kanisa, ngome, jela: kwa mtu asiyeijua Unguja hayo ni mambo matatu yaliyo mbali mbali. Kwa anayeijua, ni jengo moja. Liko Forodhani, limeikabili bahari, limepakana na jumba la Beit al-Ajaib, na jina tunaloliita leo ni Ngome Kongwe. Neno gereza tumeliachia jela. Jengo lenyewe limepata kazi nyingine: usiku wa tamasha watu hupanga foleni mlangoni mwake, tiketi mkononi, wana hamu ya kuingia mahali ambapo babu zao walimwomba Mungu wasiingizwe.

Mwaka 1994 sehemu ya ua wa ngome iligeuzwa ukumbi wa wazi wa maonyesho, wenye ngazi za kukalia zilizojipinda kulielekea jukwaa. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu hapo. Kwa jengo lenye umri wa karne 3 na zaidi, huo ni muda mfupi. Lakini naamini ndio muda ambao ngome imewafaa watu wengi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yake, na kwa sababu hiyo inastahili kuandikiwa historia yake, si kama boma la vita, bali kama nyumba ya sanaa.

Tuanze na kanisa. Wareno walianza kuitoza Unguja kodi mwanzoni mwa karne ya 16, na baina ya mwaka 1598 na 1612 wakajenga kanisa dogo pale ufukweni. Kipande cha ukuta wake kingalipo, kimemezwa na ukuta wa ngome kwa upande wa ndani. Desemba 1698 Ngome ya Yesu ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka 3, na Unguja nayo ikabadili mabwana. Malkia Fatuma, aliyekuwa akikitawala kisiwa na aliyewaunga mkono Wareno, alichukuliwa akapelekwa Omani. Washindi walijua kwamba Mreno huenda akarudi, na kweli mwaka 1728 alirudi Mombasa, ingawa hakudumu. Basi pale pale penye kanisa wakainua ngome: ua mkubwa, kuta ndefu zenye rangi ya udongo uliokolea, minara ya duara pembeni, na juu ya kuta meno ya kumsitiri mpiganaji. Mawe ni ya matumbawe. Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa tanurini mpaka yakawa unga. Ukiusogelea ukuta ambao lipu yake imebanduka utaona ndani ya jiwe alama za viumbe vya baharini, mithili ya maua yaliyokaushwa. Jengo zima limetoka baharini.

Kuhusu vita hakuna mengi ya kusimulia. Mwaka 1754 Wamazrui wa Mombasa waliishambulia Unguja na ngome ikastahimili. Baada ya hapo hatari kubwa ya kutoka nje ikapungua, Sayyid Said, Sultani wa Omani, akahamishia baraza lake kisiwani, mji wa mawe ukakua kuizunguka ngome, na boma la ulinzi likakosa adui wa kumlinda mtu dhidi yake. Hata tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoyapiga mizinga majumba ya Sultani yaliyo jirani kabisa, kwa muda usiofika saa nzima, kuta hizi zilibaki wima.

Boma lisilo na adui wa nje hutafutiwa wa ndani. Katika karne ya 19 ngome ilikuwa kambi ya askari na jela. Nje ya ukuta wa mashariki watu waliadhibiwa hadharani, na wengine waliuawa hapo. Ukiangalia pwani nzima utaona hadithi ni ile ile: Ngome ya Yesu nayo Waingereza waliifanya jela mpaka mwaka 1958, na ngome ya Lamu ikafungia watu tangu 1910 hadi 1984. Ndipo unapoelewa kwa nini neno moja lilitosha kwa vitu viwili. Mswahili wa kawaida hakuwahi kuingia ngomeni kwa hiari yake, na alilipa jengo jina kwa kile alichokiona kikitendeka humo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaotaka ukumbi wa sanaa uzungumziwe kwa furaha tupu, kana kwamba jukwaa lilikuwa limejificha ndani ya mawe tangu mwanzo, likingoja kuvumbuliwa. Halikuwamo. Kuta hizi zilijengwa ili sauti ya ndani isitoke na mtu wa nje asiingie. Kuzigeuza zikafanya kinyume chake kulihitaji watu walioamua hivyo.

Kabla ya uamuzi huo palikuwa na vituko viwili vya njiani. Cha kwanza ni reli. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilikamilisha reli ya maili 7 kutoka ngomeni hadi Bububu, na kuta za Waomani zikawa kituo cha gari moshi lililopenya katikati ya mji likielekea mashamba ya kaskazini. Mpaka leo utaambiwa kwamba jina Bububu limetokana na mlio wa gari moshi hilo. Ni hadithi tamu na inatambika vizuri, ila Binti Salme, mtoto wa Sayyid Said, aliitaja Bububu katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya injini ya kwanza kupiga mluzi. Reli haikufika mbali. Magari ya barabarani yaliishinda, na ikang'olewa.

Kituko cha pili ni tenisi. Mwaka 1949 ngome ilitengenezwa upya na ua wake mkubwa ukawa uwanja wa klabu ya tenisi ya wanawake. Nimejaribu mara nyingi kuiona picha hiyo akilini: mpira mweupe ukigonga chini pale pale walipokuwa wakilala wafungwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 klabu ikafa, na ngome ikakaa bila kazi.

Jengo la mawe ya matumbawe lisilo na kazi halikai hivi hivi. Mvua ya masika inapenya juu ya ukuta, chumvi ya bahari inapanda kutoka chini, mbegu ya mtini inaangukia ufa na mizizi inaanza kupasua. Nyumba yenye watu huzibwa ufa wake siku unapoonekana. Nyumba isiyo na watu huonekana ufa wake siku inapoanguka. Katika miaka ya 1980 Mji Mkongwe wote ulikuwa katika hali hiyo, nyumba zikiporomoka kila masika, ndipo mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kulikuwa na njia mbili za kuinusuru ngome. Ya kwanza ni kuifanya makumbusho, kama ilivyofanywa Mombasa na baadaye Lamu, na hakuna ubaya katika hilo. Ya pili ilikuwa kuitia watu.

Unguja ikachagua watu, na nadhani hapo palifanyika jambo la busara ambalo hatulipi sifa yake. Ukumbi wa mwaka 1994 haukufunikwa paa, wala kuta hazikuchezewa. Zilijengwa ngazi za kukalia, chini yake jukwaa, na mandhari ya nyuma ikaachwa iwe ile iliyokuwapo: ukuta wa ngome wenye meno yake, na juu ya ukuta, Beit al-Ajaib ikichungulia kwa roshani zake. Hakuna pazia lolote ambalo mchoraji angeweza kulichora likaishinda mandhari hiyo. Magharibi inapoingia, mwanga unaondoka kwanza uani, halafu ukutani, na mwisho kabisa kwenye kilele cha jumba hilo. Taa za jukwaa huwaka wakati huo, na msanii mwenye akili huanza taratibu.

Kwamba Beit al-Ajaib ndiyo pazia la jukwaa hili ni jambo lenye maana zaidi ya urembo. Sultani Barghash, aliyelijenga jumba hilo mwaka 1883, ndiye anayesimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza ganuni, na kwa njia hiyo taarab ya Kimisri ikapata makao Unguja. Muziki huo ulipigwa kwa ajili ya watu wa jumbani. Mwaka 1905, mwaka ule ule wa gari moshi, vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa, na taarab ikatoka kwa Sultani ikaingia klabuni. Halafu akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Ukizipanga hatua hizo, jumbani, klabuni, uswahilini, utaona hatua iliyofuata ilikuwa ipi: ukuta wa pili kutoka jumbani, kwenye ua wa jela, mahali ambapo kila mtu anaweza kuketi ngazi moja na mwenziwe.

Ukumbi ni jiwe tu mpaka upate ratiba. Ratiba ya kwanza kubwa ililetwa na Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998 na kujitambulisha kuwa tamasha la nchi za jahazi. Jina hilo lilikuwa na fikra ndani yake. Jahazi lilizifunga Omani, Bara Hindi, Ghuba, Komoro na pwani yetu kwa kamba moja, na tamasha likasema filamu za nchi hizo zionekane pamoja, wazi, usiku, chini ya nyota. Kwa miaka mingi ofisi za tamasha zilikuwa humo humo ngomeni. Mtu aliyezoea sinema ya chumba chenye giza atashangaa kuona filamu ngomeni: upepo unaligusa turubai, popo anakatiza mbele ya sura ya mwigizaji, na harufu ya mishikaki ya Forodhani inapita juu ya ukuta bila kuomba ruhusa. Nimeona filamu humo ambazo nimesahau hadithi zake, lakini nakumbuka nani alikaa pembeni yangu na alicheka wapi.

ZIFF huja wakati wa kusi. Wakati wa kaskazi, Februari, huja Sauti za Busara, iliyoanza mwaka 2004 chini ya Yusuf Mahmoud na wenzake wa Busara Promotions. Kaskazi ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na sasa unaleta wanamuziki. Tangu mwanzo tamasha liliweka sharti ambalo kwangu ndilo roho yake: anayepanda jukwaani apige laivu. Hakuna kuimba juu ya sidii. Sharti hilo limewapa shida wasanii wa kizazi kipya, limewalazimisha kutafuta mpiga gitaa na mpiga ngoma, kufanya mazoezi, kujua wimbo wao unaanza wapi bila kompyuta kuwaambia. Limefaa sana. Kwa upande wa pili limewapa heshima yao wapiga kidumbaki, watu wa beni na mabingwa wa taarab, ambao hawakuwahi kupiga kwa namna nyingine.

Hapo sina budi kusimama kwa Bi Kidude.

Fatuma binti Baraka, wa Mfagimaringo, alikuwa mzee tayari ukumbi ulipojengwa. Alizijua nyimbo za Siti kwa kuzisikia, aliimba taarab, alipiga msondo wa unyago, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Alipanda jukwaa la ngome miaka mingi, peku, leso kiunoni, na wageni waliotoka mbali kumwona hawakujua wamtazame usoni au wautazame mkono unaopiga ngoma. Akiimba taarab alisimama kama aliyesimama barazani kwake. Akifunga msondo kwa leso na kuupanda, alikuwa mtu mwingine. Unyago ni mambo ya ndani, ya wanawake peke yao, na kuupandisha msondo mbele ya wanaume na kamera halikuwa jambo dogo. Wapo wazee walioona limevuka mpaka, na nawaelewa. Lakini nikilitazama jengo nafikiri palikuwa na haki fulani katika tendo lile. Kuta hizi ziliwahi kuzima sauti za watu wasio na cheo. Basi mwanamke asiye na cheo, asiye na mali, alisimama katikati yake akapiga kadiri alivyotaka, na hapana askari aliyemnyamazisha. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kila Februari ngome inapojaa, namtafuta.

Kuna jambo la ujenzi ambalo mpaka uone taarab humo hulijui. Katika taarab msikilizaji hakai kimya kwenye kiti. Ubeti ukimgusa, au ukimgusa jirani yake mwenye kesi naye, huinuka akaenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, akicheza kidogo kidogo njia nzima. Kwenye ukumbi wa kawaida mtunzaji hupenya baina ya viti na kuomba radhi. Ngomeni ngazi zinateremka zenyewe hadi jukwaani. Bibi aliyekaa juu kabisa huanza kushuka kwa mwendo wa wimbo, noti juu, na watu wote wanamwona, wanamsoma, wanajua ni ubeti upi na kwa nini. Akifika chini, wimbo umekuwa wake. Waliouchora ukumbi huu, iwe walilifikiria hilo au hawakulifikiria, waliwajengea Waunguja mahali pa kutunzia.

Si kila mwaka ulikuwa mzuri. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, na Februari ile Forodhani ilikuwa kama nyumba ya harusi iliyoahirishwa. Tamasha likarudi 2017. Kila tamasha linaloishi kwa misaada ya wafadhili lina hatari hiyo, na nasikitika kwamba miaka yote hii bado hatujapata njia yetu wenyewe ya kuulisha ukumbi huu mwaka mzima. Baina ya tamasha na tamasha kuna miezi ambayo jukwaa lina maonyesho machache ya kuwaburudisha watalii, na mchana ua wa mbele ni wa maduka ya vinyago na picha za Tingatinga. Wauzaji hao ni sehemu ya uhai wa jengo, sitaki waondolewe. Ninachotaka ni mtoto wa Ng'ambo aijue ngome kabla hajaajiriwa kuwapeleka wageni. Bei ya tiketi za Sauti za Busara kwa Mtanzania huwekwa chini ya bei ya mgeni, na hilo ni la kushukuriwa, ila nauli ya kurudi nyumbani usiku wa manane nayo ni sehemu ya bei.

Kuna na lile la mawe. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji unauziba pumzi, maji yanabaki ndani, chumvi inalila jiwe kimya kimya, na siku lipu inapobanduka hubanduka na jiwe lake. Mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua hili vizuri kuliko mhandisi yeyote wa kuja. Tangu mji uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kila anayeugusa ukuta wa ngome anatakiwa afuate chokaa. Ni kazi ya polepole, chokaa inatiwa maji na kuachwa iive siku nyingi kabla ya kutumika, na asiye na subira huiona ni hasara. Jirani wa ngome ametuonyesha hasara yenyewe inavyokuwa.

Tarehe 25 Desemba 2020, mchana, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Mafundi wawili waliokuwa kazini ndani yake walifariki. Jumba lililosimama miaka 137 lilifungua ubavu wake, na ile saa, zile roshani, pazia lile la jukwaa ambalo kila mwanamuziki aliyepita ngomeni amepigwa picha mbele yake, likawa kifusi na vumbi jeupe lililotua mpaka Forodhani. Nchi nyingi wakati huo zilikuwa zimefunga kumbi zao kwa sababu ya korona, na haikuwa ajabu kufikiri kwamba Februari ingepita kimya.

Haikupita kimya. Chini ya miezi miwili baadaye, Februari 2021, Sauti za Busara ilifanyika, ikiwa imefupishwa kuwa siku mbili, kwenye ua ule ule. Mwanga uliondoka uani kwanza, halafu ukutani, na pale juu ulipozoea kumalizikia palikuwa na nafasi tupu. Watu waliitazama nafasi ile kitambo. Kisha fundi mitambo akawasha taa, mpiga ngoma akagonga mara tatu kuipima ngozi, na mawe ya matumbawe yakamrudishia sauti.